Muulize Fundi: Butiloda ikikosa saa ya kuhesabia

Mwezi huu niko na barua tano kwenye meza, na nne kati yazo zinaongelea kitu kimoja bila wenyewe kujuana: taima ya butiloda. Butiloda ni ile programu ndogo yenye inaamshaka mashini mbele Linux haijaanza, na hawa watu wanne kila mmoja kwa njia yake amekutana nayo siku ilitafuta kitu cha kuhesabia segonde na haikukipata. Kwanza sikutaka kuziweka pamoja, nilisema watu watachoka, kiisha delestaji ikanikalisha gizani jioni nzima hapa Nyawera, Bukavu, na telefone mkononi, nikazisoma tena zote, nikaona ni heri tuzimalize siku moja.

*Jambo Fundi. Mimi niko na sekretaria publika hapa Kadutu, natoaka fotokopi na kuandikia watu barua. Nilinunua ordinatere ya okazio, prosesa ya gigahezi 3.2, mtoto wa dada yangu akaniwekea Linux pembeni ya Windows. Ikiwaka inaletaka ile liste ya kuchagua, imeandikwa segonde 5, lakini bana sijawahi kufikisha kidole kwenye klavye, inakuwa imeshapita, inaingia Linux na mimi nataka Windows juu kazi ya wateja iko kule. Tena siku zingine klavye yenyewe haijibu kabisa. Ni mimi nimezeeka ao ni mashini? (Mama wa sekretaria, Kadutu)*

Mama, hujazeeka hata kidogo. Mbele ya kujibu nilikuomba ufanye kitu kimoja na mtoto wa dada, na ninakirudia hapa juu kila mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kukifanya bila kununua kitu. Washa mashini huku unafinya finya mushale wa chini tangu mwanzo, liste ikisimama finya herufi c, utaona neno grub (GRUB ndiyo butiloda yenu, ile yenye inaletaka liste) na alama ya kungojea. Andika sleep 10, tayarisha kronometri ya telefone, finya Enter na kronometri pamoja, ngoja mpaka alama irudi. GRUB imeambiwa ilale segonde kumi. Yenu ililala mbili na nusu.

Hapo nikajua. Kumi gawanya kwa mbili na nusu ni nne, na prosesa ya gigahezi 3.2 ukiigawanya kwa nne unapata megahezi 800. Hiyo 800 haikutoka hewani, ni namba yenye imeandikwa ndani ya kodi ya GRUB yenyewe, ya kutumia siku imekosa kila kitu kingine.

Acha nieleze vizuri juu barua zingine zinategemea hapa. Ndani ya prosesa za PC, tangu Pentium ya 1993, kuna kihesabio kinaitwa TSC. Kinahesabu mapigo bila kuchoka, lakini hakijui mapigo mangapi yanafanya segonde moja, ni kama mtu anatoka Bagira kwa mguu anahesabu hatua zake zote mpaka Nyawera, ukimuuliza ni kilometa ngapi hajui, sharti kwanza umupime hatua yake. Basi butiloda inatafuta taima ya pili yenye mwendo wake unajulikana, inaziendesha pamoja kidogo, inalinganisha. Taima ya zamani kuliko zote ni PIT, iko kwenye PC tangu ile ya kwanza ya IBM mwaka 1981, inapiga mara 1,193,182 kwa segonde na haibadilikake. GRUB inaiacha ihesabu kama milisegonde 55, inaangalia TSC imeongezeka ngapi, imemaliza.

Sasa, mtoto aliweka Linux kwa namna ya BIOS, famuwea ya zamani (famuwea ni programu ya kiwanda yenye inaamshaka mashini mbele hata ya butiloda) (niliona kwenye foto mlituma), na kwa namna hiyo GRUB iko na mlango moja tu: inagonga kwa PIT, PIT isipojibu inachukua ile 800. Kwa namna ya UEFI, famuwea ya kisasa, iko na milango mitatu, kwanza inagonga kwa taima ya ACPI (taima ingine ya ndani ya bodi), kiisha PIT, kiisha inaomba famuwea yenyewe ingojee milisegonde moja na inapima hapo, njo mwisho kabisa ile 800. Mashini yako inahesabu mara nne zaidi ya vile GRUB inawaza, kwa hiyo segonde yake tano ni yako moja na robo, na mtu gani mwenye kukunja karatasi za wateja atawahi segonde moja na robo?

Dawa ya haraka: mtoto afungue faili /etc/default/grub, pale GRUB_TIMEOUT aweke 20 pahali pa 5, apige update-grub. Ishirini ya uongo ni tano ya kweli. Dawa yenyewe ni kuweka GRUB upya kwa namna ya UEFI, lakini hiyo inagusa mpangilio wa disiki na kazi za wateja ziko kule, mfanye tu siku mko na kopi ya vitu vyote pembeni.

Na klavye? Hapo ndipo mimi mwenyewe ninakasirikaka. Kifaa cha USB kikiamshwa kwenye mlango wake kinapaswa kupewa milisegonde 50 za kureseti, ni sheria ya USB. GRUB ikiwa ndiyo inaamsha klavye peke yake, ikasema nimengoja 50 na kwa kweli imengoja 12 na nusu, klavye zingine zinavumilia, zingine zinabaki zimelala. Hiyo ya mara inajibu mara haijibu, mtu anaweza kununua klavye tatu kwa soko ya Kadutu mbele hajashuku taima. Linux ikishaanza haya yote yanaisha, juu kerneli haichukuake namba ya GRUB, inapima yake upya.

*Fundi salama. Saa ya ordinatere yangu iko nyuma saa moja kamili kila siku. Nimebadilisha pili (ile batri ndogo) ya karte mere mara mbili. Je ni hiyo pili inafanya pia GRUB iende mbio? (Papa mwalimu, Bagira)*

Hapana na hapana, papa. Ile pili ndogo ya CR2032 inalisha saa ya tarehe tu, yenye inahesabu kwa kristali ya mapigo 32,768 kwa segonde hata mashini ikizimwa. GRUB haihesabie segonde za liste kwa hiyo. Na saa moja kamili haiwezi kuwa pili, pili ikikufa saa inarudi miaka nyuma na sayiti zote za intaneti zinaanza kukukatalia. Yako ni fuso orere, saa ya eneo: umechagua Africa/Kinshasa, na Kinshasa wako nyuma yetu saa moja. Chagua Africa/Lubumbashi, Bukavu haiko kwenye liste, usiitafute. Rudisha zile pili kama muuzaji anakubali.

*Ya Fundi, mimi ni mwanafunzi wa ingenieri, niko naandika butiloda yangu mwenyewe kwa ajili ya TFC (kazi ya mwisho wa masomo). Ndani ya QEMU, programu ya kuiga mashini, inatembea safi kabisa. Nimeiweka kwenye kle USB, nimeijaribu kwenye laptopu ya kaka, mpya mpya, ekra inabaki nyeusi na haisogee tena. Nimeweka alama kila pahali, inakufa pale napima TSC kwa PIT, kwenye mustari wa kungojea. Kodi ni ile ile! Mbona QEMU inakubali? (Mwanafunzi, Panzi)*

Mdogo wangu, QEMU inakubali juu ndani yake kuna PIT ya kuiga yenye adabu, inajibu siku zote. Laptopu ya kaka haina deni hilo. Kwenye mashini mpya za Intel watengenezaji wanaweza kuikatia PIT mapigo yake ili batri idumu, mlango bado uko, ukiandika inapokea, lakini ndani hakuna kitu kinasogea. Tena kuna mashini za virtueli (mashini za kuigwa ndani ya mashini ingine), kwa mfano zile za Hyper-V ya Microsoft za kizazi cha pili, hazina PIT kabisa.

Nimesoma kodi yako (asante kuituma yote, watu wengi wanatumaka foto ya nusu ekra). Mwanzo ni sawa: unafungua geti kwa biti 0 ya mlango 0x61, unatuma 0xB0 kwa 0x43, unaweka hesabu kwa 0x42, baiti ya chini kiisha ya juu. Baadaye unaandika: maadamu biti 5 ya 0x61 ni sifuri, ngoja. Njo hapo umekufa. Umempa mtu ambaye haujui kama anapumua kazi ya kukuambia saa ya kutoka.

Kungoja kokote kwa taima sharti kuwe na mpaka, na mpaka huo usihesabiwe na taima ile ile unayoishuku. Utaniuliza: nitahesabu na nini, na taima ndiyo natafuta? Angalia, uko na TSC. Hauijui mwendo, lakini haukosi kujua kitu juu yake. Kama hesabu yako ya PIT ni 11,932, hiyo ni milisegonde 10. Hata prosesa ya gigahezi 6, mapigo bilioni moja ya TSC ni zaidi ya milisegonde 160. Kwa hiyo andika: nikiona TSC imeongezeka bilioni moja na biti 5 bado sifuri, PIT imekufa, natoka na nasema imeshindwa. Kwa prosesa ya pole pole ya gigahezi 1 utapoteza segonde moja nzima, si kitu. Kihesabio chenye haukijui kasi hakiwezi kukupa saa, lakini kinaweza kukutoa kwenye shimo, na hii watu wengi hawaiwazake.

Na mbele hata ya kungoja, baada tu ya kuweka hesabu, soma biti 5 mara moja. Inapaswa kuwa imeshuka kuwa sifuri. Kama iko moja tangu mwanzo, ile taima haijakusikia, usiende kuchukua kipimo cha mikrosegonde mbili ukaita milisegonde 10, juu hiyo ni mbaya kuliko kukwama: utapata TSC yenye mwendo wa kobe na vingojeo vyako vyote vitakuwa hewa.

PIT ikishindwa nenda kwa ya pili. Mimi ningepanga hivi kwa laptopu mpya: uliza CPUID ya 0x15 kwanza (CPUID ni amri ya kuuliza prosesa habari zake), Intel tangu kizazi cha Skylake inakupa kristali na uwiano wa TSC. Kristali ya megahezi 24, uwiano 266 juu ya 2, unapata megahezi 3192, haujangoja hata kidogo. Lakini ECX, rejista yenye inaleta kristali, inaweza kurudi sifuri, maana yake sijui kristali yangu, na moja ya hizo mbili za uwiano ikiwa sifuri ni vile vile. Usigawanye mbele ya kuangalia. Kiisha taima ya ACPI, mapigo 3,579,545 kwa segonde, kwenye mashini nyingi ni ya biti 24, inajaa na kuanza upya kila segonde 4.7 hivi. Watu wanaanguka hapo: umesoma 16,777,000, ukasoma tena 500, ukatoa unapata minus, unaogopa, unaweka masharti kumi. Hakuna haja. Toa tu, kiisha bakisha biti 24 za chini, unapata 716, na 716 ni mikrosegonde 200. Hesabu ya kujaa inajirekebisha peke yake maadamu haujangoja zaidi ya mzunguko moja.

Pima mara tatu na uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, si wastani. Famuwea inawezaka kukukatiza katikati ya kipimo ikafanya mambo yake ya siri bila kukuuliza, na ikifanya hivyo TSC inaongezeka tu, haipungukake. Wastani unachukua uchafu, ile ndogo ndiyo safi.

Jambo la mwisho kwako: usiende tena kuazima laptopu ya kaka kila jioni. Anzisha QEMU na -machine q35,pit=off na utakuwa na mashini yenye PIT haiko, hapo hapo mezani. Wasomaji wa TFC yako watafurahi kuona ulijaribu upande wa kushindwa, wengi wanaonyeshaka upande wa kushinda tu.

*Fundi, mimi niko na siber (nyumba ya intaneti) pale Essence. Kwenye serveri yangu ndogo natembeza mashini ya virtueli ya UEFI yenye inahesabu minuti za wateja. Kila nikiiwasha ekra inabaki nyeusi karibu minuti nzima, kiisha liste ya GRUB inatokea, kiisha kila kitu kinaenda vizuri kama hakuna kilichotokea. Kurunti ikikatika mara tatu kwa siku hiyo ni minuti tatu wateja wananitazama. Disiki nimebadilisha, RAM nimeongeza. (Kijana wa siber, Essence)*

Pole kwa ile RAM. Hii nilicheka kidogo, juu ni ugonjwa wenye historia. Mmoja wa watengenezaji wa GRUB aliukuta kwenye laptopu yake ya gigahezi 2.4, ndani ya mashini ya virtueli yenye taima ya ACPI mbovu, akapima kwa kronometri ya telefone yake: segonde 51 nzima GRUB ilikaa inangoja ile taima, mbele ya kukubali kwamba imekufa. Unaona, mpaka ulikuwepo! Si kama mwanafunzi wetu wa Panzi mwenye hakuweka. Lakini mpaka wenyewe ulipimwa kwa milisegonde pahali mikrosegonde zingetosha, na kila kusoma mlango ndani ya mashini ya virtueli kunachukua muda, ukizidisha unapata karibu minuti.

Na kitu cha kuchekesha zaidi ni jibu lenye ile taima ilikuwa inatoa. Kila ukiisoma inarudisha 0xffffffff, moja tupu kwenye biti zote 32. Kwa mtu wa mashini hiyo si namba, ni mlango wa nyumba yenye haina mtu: unapiga hodi, unasikia sauti yako mwenyewe. Hakuna kifaa kwenye hiyo anwani, basi laini zinabaki juu na wewe unasoma moja. GRUB ilikuwa inapiga hodi kwenye nyumba tupu mamilioni ya mara. Marekebisho yake yalikuwa mawili: kufupisha kungoja, na kukataa pale pale jibu la sifuri tupu ao moja tupu. Baada ya hapo inaenda kwa taima ifuatayo mbele haujapepesa jicho.

Kwa hiyo wewe: weka GRUB mpya ndani ya mashini ya virtueli, si kwenye serveri. Na usiishie kwenye kupakua paketi, piga grub-install pia, juu faili yenye UEFI inasoma iko kwenye partisio yake na inaweza kubaki ile ya zamani huku wewe unasema nimeshaweka mpya. Kama mashini yako haiwezi kupata GRUB mpya sababu ya sistemu kuwa ya zamani, angalia kwenye programu ya kuiendesha kama kuna pahali pa kuwasha taima ya ACPI. Na onduleri, ndugu yangu, hata ndogo. Kurunti ya mara tatu kwa siku itakuulia disiki mbele taima haijakuulia wateja.

*Fundi mheshimiwa, mimi nafunga soleri huku Ibanda. Niliandika programu ndogo yenye inaanza mbele ya Linux kwenye Raspberry Pi 3 (ile ordinatere ndogo ya bodi moja), inangoja segonde 10 batri zitulie kiisha inafunga rele. Ilifanya kazi mwaka mzima. Nimehamia Raspberry Pi 4, kodi ile ile, rele inajifunga baada ya segonde tatu na nusu hivi, na siku moja fyuzi ikaruka. Ndani niliandika mapigo 19,200,000 kwa segonde. Swali langu: kama taima haijulikani, ni bora programu ife ao itumie namba ya akiba? Rafiki zangu tumebishana mpaka bia ikapata moto. (Papa wa soleri, Ibanda)*

Papa, kwanza ile ya Pi. Kristali ya taima kwenye Pi 3 ni megahezi 19.2, kwenye Pi 4 ni 54. Umezidisha 10 kwa 19.2 ukagawanya kwa 54, ni 3.56, fyuzi yako imefanya hesabu vizuri. Usiandike namba kwa mkono, soma rejista ya CNTFRQ_EL0. Lakini elewa ni kitu gani: ile rejista haiendeshi taima, ni kikaratasi tu famuwea imebandika kusema mwendo ni huu. Famuwea ikisahau kukibandika unaweza kusoma sifuri. Na kwenye ARM ya biti 64 (aina ya prosesa ya hizo Pi) ukigawanya kwa sifuri prosesa hailalamikake, inakupa sifuri, kimya. Ukigawanya mapigo kwa hiyo rejista ili upate segonde, utapata sifuri milele na rele haitafunga. Ukizidisha segonde 10 kwa hiyo rejista ili upate mapigo ya kungoja, utangoja mapigo sifuri na rele itafunga papo hapo. Kosa moja, vifo viwili tofauti, yategemea tu uliandika hesabu upande gani.

Sasa mabishano yenu. Wakubwa wenyewe hawakubaliani. U-Boot, butiloda ingine, kwenye PC inajaribu CPUID na njia zingine, zikishindwa inachukua namba mtengenezaji wa bodi aliiandika, na hiyo ikiwa sifuri inasimama kabisa, inaandika kwenye ekra kwamba mwendo wa TSC ni sifuri na haiendelee. GRUB haisimame, inachukua 800 na inasonga mbele bila kusema neno. Mimi sikubaliane na mmoja peke yake. Kwa mashini ya mama wa Kadutu kusimama ni upuuzi, mtu akose kazi ya siku nzima sababu ya liste ya segonde tano? Lakini kusonga kimya nako kumemfanya ashuku macho yake na klavye yake kwa miezi. Ingeandika mustari moja tu, taima sijaipata natumia ya kukisia, angenipigia siku ya kwanza.

Na kama unakisia, kisia upande wa kukawia. Hapa ndipo naona ile 800 imezeeka vibaya: prosesa za leo ziko karibu zote juu yake, kwa hiyo kila kungoja kunakuwa kufupi kuliko ulivyoomba, na vifaa havisamehe ufupi. USB, disiki, rele yako, zote ukizingoja mara nne zaidi zitanyamaza tu, ukizingoja robo zitakuchezea. Ukiweka akiba ya gigahezi 5 ao 6, liste ya mama ingekaa segonde nane ao tisa pahali pa tano. Angesema mashini ni mvivu, lakini angewahi kuchagua.

Kwa hiyo kwako: soma CNTFRQ_EL0, ikiwa sifuri ao iko chini ya milioni moja ikatae, tumia 54,000,000 kwa bodi zote mbili. Kwenye Pi 3 ile segonde 10 itakuwa 28, batri hazina haraka. Mbele ya kuamini hata hiyo, soma kihesabio chenyewe mara mbili na kazi ndogo katikati, kama namba ni ile ile taima haitembei, na hapo ndiyo usifunge rele kabisa, hapo nakubaliana na wale wa kusimama. Na kwa kuwa kwenye kasha la soleri hakuna ekra, tumia ile LED ya kijani: mara moja taima ya kweli, mara tatu ya akiba, isiyozimika maana yake imekufa. Andika hiyo kwa kalamu ndani ya mfuniko wa kasha, juu siku fyuzi itaruka tena labda wewe uko Uvira na ni mtoto wa jirani atakuwa anakusomea kwa telefone.